Mpira ulianzia shingoni: kisa cha picha 35 za MRI zilizogoma kumenyeka

## Mazingira ya kazi

Majina, mahali, tarehe na hata jina la ugonjwa nimeviondoa, kilichobaki ni kazi yenyewe jinsi ilivyoenda. Timu ilikuwa ya watu watatu: kijana wa uzamili aliyekuwa anachakata picha, daktari wa radiolojia aliyekuwa anazisoma na kusimamia upande wa kitabibu (sote tulimwita Dokta tu), na mimi, niliyeitwa katikati mambo yalipoanza kwenda kombo. Swali lao lilikuwa rahisi kulitamka: je, watu wenye ugonjwa fulani wa muda mrefu wana ujazo mdogo wa ubongo kuliko watu wenye afya? Picha zilikuwa 96, zote MRI za T1 (aina ya picha inayoonyesha vizuri umbile la ubongo), vokseli, yaani vijichemraba vinavyounda picha, za milimita 1 hivi kila upande, wagonjwa 52 na wenye afya 44.

Sasa kabla hujapima ujazo wa ubongo lazima kwanza uutoe kwenye picha, maana skani inakuja na kila kitu, ngozi, mafuta, fuvu, macho, ulimi, shingo. Hatua hiyo sisi tunaiita kumenya. Programu inatengeneza maski, yaani faili ambalo kila vokseli ina 1 kama ni ubongo na 0 kama sio, halafu kila kilicho nje ya maski kinafutwa. Ukikosea hapo hakuna hatua ya mbele itakayokuokoa, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinaamini kwamba kilichobaki ni ubongo.

Programu waliyochagua ni BET, iliyomo ndani ya FSL, mkusanyiko wa programu za picha za ubongo kutoka Oxford. Stephen Smith alichapisha maelezo yake mwaka 2002 na bado inatumika sana, ni nyepesi, kwenye laptop ya kawaida inamaliza picha moja upesi na haihitaji kadi kubwa ya michoro. Sina ugomvi na chaguo hilo.

Kitu kimoja hakuna aliyekipa uzito mwanzoni. Picha zilitoka mashine mbili. Mashine A ilitoa picha 61, zinaanzia utosini zinaishia chini kidogo ya kidevu. Mashine B ilitoa 35, na huko waliseti fremu kubwa, picha inashuka kutoka utosini mpaka karibu na mabega. Na katika hizo 35, 30 zilikuwa za wagonjwa. Ishike hiyo namba, kisa chote kimelala hapo.

## Wiki mbili za kwanza

Kijana alianza vizuri tu, akaandika skripti ikapitisha picha zote 96 kwa BET bila kugusa kitu, yaani f, ile namba inayoamua maski iwe kubwa au ndogo, ikiwa 0.5 kama inavyokuja. Picha za A zikatoka safi karibu zote. Za B zikatoka vibaya kwa namna inayofanana: sehemu ya juu ya ubongo imekatwa kama umepita na kisu, na chini kumebaki kipande cha misuli ya shingo na nyama za nyuma ya koo.

Akasoma maelezo ya programu. Yanasema f inatoka 0 mpaka 1, ukiishusha maski inakuwa kubwa, ukiipandisha inakuwa ndogo. Akawaza, na mtu yeyote angewaza hivyo, kama ubongo umekatwa basi maski ni ndogo, nishushe f. Akashusha 0.3, juu ikarudi kidogo. Akashusha 0.2, ikarudi zaidi lakini sasa macho yameingia, na shingo imeongezeka. Akagundua kuna -g, ambayo inaelekeza maski itanuke zaidi juu au chini (ukiipa namba chanya inatanua chini na kubana juu, hasi ni kinyume chake), akaanza kucheza nazo mbili kwa pamoja. Kila picha ya B ikapata f yake na g yake, zilizochaguliwa kwa macho, na akaziandika zote kwenye jedwali kwa uaminifu mkubwa. Hilo jedwali baadaye ndo lilituokoa, kwa hiyo nasema wazi alifanya jambo la maana kuliandika.

Baada ya wiki mbili akawa na maski 96 ambazo ukizitazama haraka haraka zinapita. Akacheki ujazo wa kila maski kwa fslstats, programu ya FSL ya kupima picha, na -V, nyingi zikaangukia kwenye lita moja na nusu, kidogo juu kidogo chini, ambayo kwa mtu mzima haishtui. Akapitisha FAST, programu nyingine ya FSL, kugawanya sehemu ya ubongo yenye rangi ya kijivu, yenye rangi nyeupe na majimaji, akajumlisha kijivu na nyeupe, akalinganisha makundi.

Majibu yakatoka wagonjwa wana ubongo mkubwa kuliko wenye afya.

## Dokta alipokataa

Hapa ndo nataka nimpe Dokta heshima yake. Ingekuwa rahisi kusema data ndo imesema hivyo. Yeye akajibu, "Hawa wagonjwa nimewasomea picha mwenyewe, wengi nimeandika kwenye ripoti kwamba ubongo umesinyaa, mifereji imepanuka. Inakuwaje kwa hesabu zenu wawe na ubongo mkubwa? Nionyesheni hizo maski." Kijana akamwonyesha chache, akatikisa kichwa, na jioni hiyo nikapigiwa simu.

Nilipofika nikaomba nisione maski kwanza. Nikaomba picha ghafi ya B iliyosumbua kuliko zote, ile iliyoishia f ya 0.1, nikaifungua kwenye FSLeyes, programu ya kutazamia picha. Ubongo ulikuwa pale juu, kichwa kizima, shingo yote, na nyama za shingo na mafuta ya kisogoni vinang'aa sana kwa sababu vilikuwa karibu na koili, antena ya mashine inayopokea mawimbi. Nikamuuliza, "Programu inaanzia wapi kutafuta?" Akasema inatafuta ubongo. Nikamwambia haijui ubongo ni nini, ina sehemu ya kuanzia, na sehemu hiyo tunaweza kuihesabu sisi wenyewe.

## Programu inaanzia wapi

Hili nitalieleza polepole maana ndo moyo wa kisa, na wengi wanaoitumia BET kila siku hawajawahi kuelezwa.

BET haitafuti umbo la ubongo. Kwanza inaangalia mwanga wa picha nzima, inatupa asilimia 2 za chini kabisa na 2 za juu kabisa, halafu inaweka mstari kwenye asilimia 10 ya umbali kati ya hizo pande mbili, na chochote kilicho juu ya mstari inakihesabu kuwa ni kichwa. Kisha inatafuta kitovu cha uzito wa hicho kichwa, huku vokseli yenye mwanga zaidi ikivuta zaidi. Kisha inapiga hesabu, kama vitu vyote hivi vingekuwa mpira mmoja, nusu kipenyo chake kingekuwa ngapi? Halafu inaweka mpira mdogo, nusu ya ukubwa huo, pale kwenye kitovu, na kuanza kuutanua taratibu kwa mizunguko 1000 mpaka ngozi ya mpira ikutane na giza linaloashiria mwisho wa ubongo.

Sasa iwaze picha inayofika mabegani. Shingo yote iko juu ya mstari, kwa hiyo inahesabiwa ni kichwa. Tena inang'aa, kwa hiyo inavuta kitovu kwa nguvu zaidi ya ukubwa wake. Kitovu kinashuka. Na ule mpira wa kukadiria unakuwa mkubwa kupita kiasi, kwa sababu umejumlisha nyama za shingo.

Tukapiga fslstats na -C kwenye ile picha, inakupa kitovu kwa vokseli, tukapeleka kishale cha FSLeyes hapo. Kikatua nyuma ya ulimi, mbele ya mifupa ya juu ya shingo. Kijana alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kwa hiyo wiki mbili zote mpira ulikuwa unaanzia kooni."

Ndivyo ilivyokuwa. Mpira unaanzia kooni, unatanuka, upande wa juu unakutana na giza la mfupa wa sakafu ya fuvu, unahangaika kupenya, unafika ubongo wa chini na katikati lakini utosini haufiki. Ukishusha f unaulazimisha usijali giza, unapanda juu kweli, ila kwa kutojali giza huko huko unameza misuli, macho na ule utando mgumu wa nje ya ubongo.

Na kuna la pili ambalo wengi hulisahau. Programu inachukua pia wastani wa kati wa mwanga ulio ndani ya ule mpira wa kukadiria, inautumia kama dari ya kupimia mwangaza wa ubongo. Mpira ukiwa umekaa shingoni, humo ndani kuna nyama, hewa ya koo, mifupa, kwa hiyo hata hiyo dari si ya ubongo. Ndo maana f ile ile ya 0.3 kwenye picha mbili za B ilikuwa na maana mbili tofauti. Namba inafanana, kipimo hakifanani.

## Jaribio moja la kuthibitisha

Sikutaka waniamini kwa maneno. Tukarudisha f kwenye 0.5, g tukaifuta, tukabadilisha kitu kimoja tu: tukaipa programu -c, inayoiambia ianzie wapi, na namba za vokseli za katikati ya ubongo tulizozisoma wenyewe kwenye skrini. Maski ikatoka karibu sawa kabisa. Juu imerudi, macho hayamo, shingo imebaki mkia mdogo tu.

Tukarudia kwenye picha nyingine nne za B, zote zikawa vilevile. Kwa hiyo f haikuwa tatizo hata siku moja.

Kidokezo kidogo kwa atakayejaribu: -c inataka vokseli na zinaanza kuhesabiwa kutoka 0, ukiweka milimita unapeleka mpira mahali pasipojulikana na utadhani njia haifanyi kazi.

## Maamuzi tuliyofanya, na kwa nini

Kuweka kitovu kwa mkono picha 35 kunawezekana, ni kazi ya siku moja. Tulikataa, kwa sababu ingekuwa tena ni jicho la mtu kwenye picha za kundi moja. Tukaamua kuondoa chanzo, yaani shingo yenyewe, kwa utaratibu ule ule kwa picha zote.

Mpangilio ukawa huu. Kwanza fslreorient2std, kuzungusha picha ikae kama ramani ya MNI152 (ubongo wa wastani unaotumika kama kielelezo) inavyokaa, maana picha zilizochukuliwa kwa upande zinakuja zimelala na hatua zinazofuata zinataka kujua juu ni wapi. Ieleweke kwamba inazungusha kwa nyuzi 90 tu na inaamini heda ya faili (maelezo ya picha yaliyo mwanzoni mwake), kama heda inadanganya kuhusu kulia na kushoto yenyewe haitajua, kwa hiyo Dokta alizipitia kwa macho. Pili robustfov, inayotafuta utosi halafu inapima kushuka chini, kawaida milimita 170, na kukata kilichozidi. Tatu BET pamoja na -R, ambayo inamenya, inachukua kitovu cha ubongo iliopata, inaanza tena kutoka hapo, inarudia mpaka kitovu kitulie. Tulifikiria pia -B inayosafisha shingo na kurekebisha mwanga usiolingana, ila hizo mbili programu haikubali zitumike pamoja, na kwa kuwa shingo tulishaikata tukaona -R inatosha.

Hapo tukabishana kidogo. Kijana akasema, "Kaka, picha za A ziko sawa tayari, si tuziache tu? Kwa nini tuzirudie zote 61?" Swali la haki, muda ulikuwa umeshaenda. Jibu langu lilikuwa kwamba ukiwapa wagonjwa njia moja na wenye afya njia nyingine, tofauti yoyote utakayoipata hutajua ni ya ugonjwa au ya njia. Zikarudiwa zote.

Na f je? Tulichagua picha 12 kwa bahati nasibu, za mashine zote mbili na makundi yote mawili, tukazimenya kwa f tatu tofauti, Dokta akazikagua bila kujua ipi ni ya nani wala ina f gani. Akapendelea 0.4. Ikawa 0.4 kwa wote 96, hakuna ruhusa ya kugusa.

Jambo moja lilitaka kutukwamisha katikati. Dokta alikuwa ameshachora kwa mkono madoa ya ugonjwa kwenye picha za awali, na picha zilizokatwa zina idadi tofauti ya vokseli, kwa hiyo maski mpya na michoro ya Dokta haviingiliani. Kwenye skrini vinaonekana vimekaa pamoja vizuri, ila ukizidisha moja kwa nyingine inagoma. Dawa ni kuiambia robustfov ihifadhi matriksi (namba za kuhamisha picha kutoka mkao mmoja kwenda mwingine) kwa -m, halafu unairudisha maski kwenye ukubwa wa awali kwa flirt, programu ya FSL ya kulinganisha mikao ya picha, na kwenye kurudisha unatumia njia ya jirani wa karibu ili 0 na 1 zibaki 0 na 1. Ukitumia njia ya kawaida unapata maski yenye 0.37 na 0.62 pembeni, na mtu anayefuata hajui afanye nini nazo.

## Zilizobaki

Picha 88 zilipita mara ya kwanza. Nane hazikupita, na kila moja ina sababu yake.

Moja ilikuwa na kivuli cha msogeo juu ya utosi, mgonjwa alitikisika. robustfov ikadhani kivuli ndo utosi, ikapima milimita 170 kuanzia hapo, ikakata sehemu ya chini ya serebela, ule ubongo mdogo wa nyuma. Tuliongeza urefu kwa -b tukaandika kwenye jedwali. Hii ni tofauti na kucheza na f, kwa sababu tulikuwa tunarekebisha mahali pa kukata na sio kipimo cha ubongo, lakini hata hivyo iliandikwa.

Tatu zilikuwa za wagonjwa waliosinyaa sana. Maski ilitoka ikiwa imebeba majimaji mengi utosini kati ya ubongo na utando. Kijana alitaka kupandisha f. Tukajiuliza hesabu ya mwisho inatumia nini, inatumia kijivu na nyeupe, majimaji FAST inayaweka pembeni. Kosa la kubeba majimaji halikuwa na madhara kwa swali letu, tukaziacha kama zilivyo. Kama swali lingekuwa ujazo wa maski yenyewe, uamuzi ungekuwa mwingine.

Nne zilipigwa baada ya mgonjwa kudungwa dawa ya kontrasti, ya gadolinium. Kwenye picha hizo mishipa mikubwa ya vena na utando wa nje vinawaka kuliko ubongo, BET inavibeba. Tatu kati yake zilikuwa na T1 ya kabla ya dawa kwenye folda hilo hilo, mtu alikuwa amechukua faili lisilo sahihi, tukabadilisha. Ya nne haikuwa nayo. Tukaitoa kwenye uchambuzi mkuu na kuitaja wazi.

Kisha tukafanya ukaguzi wa pili kwa programu isiyofanana kabisa na BET. Tulitumia SynthStrip ya FreeSurfer (mkusanyiko mwingine wa programu za picha za ubongo), iliyotoka 2022, ambayo ilifundishwa kwa picha za kutengenezwa zenye mwanga wa kila aina, haianzi na mpira wala kitovu. Tulipima maski za BET na za SynthStrip zinaingiliana kiasi gani kwa kipimo cha Dice (0 hazigusani kabisa, 1 zinafanana kabisa), tukazipanga kutoka mbaya kwenda nzuri, Dokta akakagua kwa macho zile 15 za chini. Hatukulinganisha ujazo wa programu moja na nyingine, kwa sababu SynthStrip inabeba majimaji ya pembeni na kuacha ukingo wa milimita 1, lazima itoke kubwa zaidi. Hakuna kosa jipya lililotokea.

## Matokeo

Ile tofauti ya ajabu, wagonjwa kuwa na ubongo mkubwa, iliyeyuka. Tulipoingiza mashine na ukubwa wa fuvu kwenye modeli, upande uligeuka ukaelekea alikokuwa anasema Dokta, ingawa kwa kiasi kidogo na bila uhakika mkubwa, kwa sababu mashine na ugonjwa vilikuwa bado vimefungamana, 30 kati ya 35. Hilo kumenya vizuri hakuwezi kulitibu. Tuliliandika kama udhaifu wa utafiti.

## Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Kilichoshindwa kwanza ni kuanzia kwenye kitufe kilicho karibu. Dalili ilikuwa ubongo umekatwa, kitufe cha kukuza maski kipo, mkono ukaenda hapo. Lakini angalia dalili yenyewe: juu pamekatwa na chini pamezidi, kwenye maski moja. Kizingiti kibovu, yaani f mbaya, kingepunguza pande zote au kuzidisha pande zote. Kupungua upande mmoja na kuzidi upande wa pili ni alama ya kitu kilichohama mahali pake. Sasa hivi nikiona hivyo sifungui hata maelezo ya f, naenda moja kwa moja kucheki kitovu.

Kilichoshindwa pili, na hiki kinaniuma zaidi, ni kutumia ujazo wa maski kama ukaguzi. Kipande cha utosi kilichopotea na kipande cha shingo kilichoingia vilikuwa vinafidiana, maski mbovu ikatoa namba nzuri. Niliirudia hesabu hiyo kwenye maski za zamani ili niwe na uhakika, na picha tatu zilizokuwa mbovu kabisa zilikuwa na ujazo wa kawaida kuliko hata nyingine nzuri. Kama unataka namba ya kukagua, chukua kitovu cha maski uone kimekaa wapi ukishaipeleka kwenye MNI152, au upime inavyoingiliana na maski ya MNI152 yenyewe. Ujazo peke yake haukwambii ubongo uko wapi.

Ila kwa nini hasa wagonjwa walionekana wana ubongo mkubwa? Nililifuatilia hili kwa sababu ilikuwa rahisi kusema tu makosa ni makosa. Misuli ya shingo na ule utando mgumu, kwenye T1 mwanga wake unakaribiana na rangi ya kijivu ya ubongo. FAST ikikutana navyo ndani ya maski inavihesabu kijivu. Kila f iliyoshushwa iliongeza kijivu cha uongo, na zilizoshushwa karibu zote zilikuwa za wagonjwa. Kwa hiyo hapakuwa na kelele za kubahatisha ambazo zingefutana zenyewe, kosa lilikuwa na mwelekeo, na mwelekeo ulifuata kundi. Lile jedwali la f na g lilituonyesha hivyo: tulipanga f zake kwa kundi, wenye afya karibu wote 0.5, wagonjwa wa B wote chini. Bila jedwali tungekisia.

Kilichofanya kazi ni Dokta kukataa namba kwa sababu anazijua picha. Alikuwa amezisoma moja moja, na hakuna kipimo cha kompyuta kilichokuwa kimeona alichokiona yeye. Kwenye timu nyingi anayechakata na anayesoma picha hawakutani mpaka siku ya kuandika ripoti, na hapo huwa wameshachelewa.

Kilichofanya kazi pia ni lile jaribio la kitu kimoja. Kurudisha kila kitu kilivyokuja na kugusa -c peke yake kulichukua dakika tano na kulimaliza ubishi wa wiki mbili, wakati kugusa f na g kwa pamoja kulikuwa kunatoa maski nzuri zaidi kidogo bila kumwambia mtu yeyote chochote.

Watu wananiuliza kwa nini hatukuhamia SynthStrip au HD-BET moja kwa moja na kuachana na BET. HD-BET, programu nyingine ya kumenya iliyotoka Heidelberg mwaka 2019, ilifundishwa mpaka kwa picha za baada ya kontrasti, ile picha yetu moja ingepona. Kwa kazi mpya leo ningeanza na mojawapo kati ya hizo, sina shaka. Kwa kazi hii itifaki, yaani mpango wa utafiti, ilikuwa imeshaandikwa kwamba itatumika BET, na kubadilisha programu baada ya kuona matokeo usiyoyapenda ni njia nyingine ya kuingiza jicho lako kwenye data. Tulipendelea kuirekebisha njia tuliyoitangaza, na kuitumia ya pili kukagua. Tena picha ikija na mabega, heda mbovu au faili la kontrasti lililochanganywa, bado ni wewe utakayetakiwa kulijua hilo, programu yoyote uliyonayo.

Skripti ya yule kijana sasa inaanza kwa mstari ambao haukuwepo: kabla ya kumenya inachapisha kitovu cha kila picha na urefu wake kwa milimita kutoka juu kwenda chini, mashine kwa mashine. Siku ya kwanza alipoiendesha kwenye zile 96 za awali, safu ya B ilisimama peke yake pembeni.